Udongo Tunaurudisha Chini

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa nane

Yaya wangu Godelieve, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu yangu kwa mikono mbili, wewe na shemeji Philippe na batoto bote. Goti lako linasema nini na baridi ya Likasi? Shekina anamaliza masomo mwaka gani? Mi niko muzima, ninakula, ninalala, na mashavu imeongezeka. Usishangae kuona karatasi. Audio ya telefone unaikata katikati mara tu nikianza kujisifu. Karatasi itakubidi uimalize, na Yassini mwenye kamyo ya mizigo ameapa ataiweka mu mukono yako mwenyewe.

Sasa nijisifu. Yaya, mu Kolwezi yote hakuna mutu wa bahati kama mudogo yako. Unakumbuka siku podium, lile jukwaa la salle yetu ya teatre, ilizama mu udongo, miaka ine imepita? Saa ile mi nilipaswa kuwa pale juu, ninafanya repetisyo, mazoezi ya ule tajiri mulevi mwenye kuchekesha batu. Lakini asubui roho ilinituma Nzilo, nikule samaki. Podium inaanguka, mi ninalamba mafuta ku bidole kando ya maji! Tangu siku ile banasema Mungu alinitoa mu kifo na mukono yake mwenyewe. Na juu ya ile bahati, batu ya avenyu, mutaa yetu, bamenichagua shefu wa kujenga salle upya. Mi, mwenye kuacha masomo mu mwaka ya tano ya primer! Prezida wa komite, na kofia ya plastiki ya manjano. Ukiniona, anza kwanza kunisalimia na Kifaransa.

Avenyu uliiacha maiti. Unajua mwenyewe: kila jumamosi, siku ya posho, batu balikuwa banakuja kuona teatre, na bakipita bananunua mikate ya mafuta, banakata nywele, banapima bitenge kwa Mama Kadija. Salle ilipokufa, taa zilizimika moja moja. Kinyozi alienda, mama wa mikate alienda, nawe ukaenda. Mama Kadija peke yake njo alibaki. Mwezi wa tano akasimama ku mulango ya magazini, duka yake, akasema kwa sauti amechoka kuuza bitenge mbele ya kaburi, na mwenye iko na mikono akuje posho na ndoo yake.

Tukaanza salongo, kazi ya bote bila malipo. Yaya, ungecheka! Mu muji yenye kila mutu anatoa udongo kutafuta madini, mpaka kule Kasulo batu balichimba chini ya bitanda yabo, siye tuko tunaurudisha chini. Na bachimbaji ya zamani njo banajua ile kazi kuliko bote: kamba, mifuko, mustari mumoja, wimbo. Polisi mumoja alisimama saa nzima akitafuta fasi gani tunaiba. Akaona tunaweka tu. Akaenda zake akijikuna kichwa.

Lakini lile shimo la podium lilikuwa linakula. Kamyo tatu ya Yassini asubui, na magaribi udongo umeshuka tena. Mason wetu Mechack, fundi wa kujenga, akasema chini kuna njia yenye kupinda, udongo unakimbilia mule, na kuitafuta itabidi kuvunja ukuta yote. Batu bakaweka ndoo chini. Mama mumoja akaanza kufunga kitambaa chake ya kichwa, sawa mutu mwenye anarudi kwake. Nikaona avenyu inakufa mara ya pili. Basi nikasimama mbele ya magazini ya Mama Kadija, pale ku mufereji ya zamani, nikahesabu hatua tisa, nikapinda kushoto, nikapiga kisigino: chimbeni hapa. Bakachimba. Njia ilikuwa pale pale. Bakaninyanyua juu, bakaimba bahati yangu. Mama Kadija hakuimba. Aliniangalia mpaka kofia ikanibana, kisha akasema pole pole kwamba bahati ya Stany inajua njia sana.

Ile usiku usingizi ulinikataa. Asubui nikapanda pikipiki mpaka Mutoshi, kwa Tata Kalonji, ule mulinzi wa salle mwenye tulimufukuza siye bote, tukisema aliuzisha chini ya podium kwa bachimbaji. Wewe ulipoona mashini ya kushona ya mama yetu imezama na chumba chako kile kando ya salle, ulimuita muzee wa kuuza makaburi, ukatupa kiti chake mu barabara. Leo anachunga kiwanja ya mbao. Nilimwambia neno langu nikiwa wima, kofia mu mikono. Akajibu alijua. Wiki tatu alisikia nyundo chini ya kile kiti, na alijua ni ya nani, sababu mu Kolwezi hakuna mwingine mwenye anachimba akifanya repetisyo ya mulevi. Nikamuuliza sababu gani alinyamaza. Akasema siku ile mi bangeniua, yeye balimutukana tu. Alikuwa anangojea nipande mwenyewe kutoka mu lile shimo, niseme.

Nikamuomba akuje afungue mulango siku ya sherehe ya salle mupya. Akakataa. Alisema matusi ya avenyu aliisahau, lakini ya Godelieve inamuuma mpaka leo, sababu yeye njo alikuwa anakushikia taa ukishona. Wa kwanza kusikia ukweli awe wewe. Kisha atakuja.

Njo maana ya karatasi. Yaya, mwenye alichimba ni mi. Peke yangu, nikitafuta madini chini ya podium yenye ilinipa jina. Ilipoanguka nilikuwa mule ndani. Nilitambaa mu giza, nikatokea ku mufereji mbele ya magazini ya Mama Kadija, nikanawa, magaribi nikarudi ninapiga kelele kuliko bote.

Sherehe ni posho ya pili kutoka leo. Kabla rido, ile pazia ya podium, ifunguke, nitasimama niseme kwa batu bote, na kofia nitaiweka chini. Bakinipiga, banipige, rido itafunguka. Shimo limejaa, tumelikanyaga, simenti imekauka. Kinyozi amerudi. Chumba chako kina mulango mupya, na mashini ya mama tuliitoa mu udongo: gurudumu bado linazunguka, nimeipaka mafuta. Kuja, Yaya. Kama si kwa ajili yangu, kuja umurudishie Tata Kalonji kiti.

Nisalimie shemeji, umukumbatie Shekina, na umwambie mujomba wake anamuwekea fasi ya mbele kabisa.

Na ile samaki nilikuletea magaribi ile, yenye ulikula ukilia, ukimushukuru Mungu angalau mudogo yako amepona: niliinunua hapa soko. Nzilo sikufika.

Mudogo yako,
Stany