Saa Nane Asubuhi

Nyumba ya Ngazi za Nje,
Nyuma ya Ofisi ya Forodha.
(Kama umesahau: ghorofa ya pili, mlango wa kijani.)

Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa mdogo wangu Matege,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wazima, wanakula, wanasoma? Sisi huku tu wazima, ingawa katika kurasa zako tatu hukupata nafasi ya kuuliza. Mama hajambo, ni goti la kulia tu linalomsumbua akishuka ngazi. Shemeji yako bado anatengeneza mafriji ya watu, letu limekufa tangu mwaka jana. Mimi nasimama juani getini pale bandarini kama kawaida, napanga foleni ya teksi za watalii. Afya ninayo, na leo hasira pia ninayo, kwa hiyo kaa chini usome.

Barua yako imenifikia kazini, kama ulivyotaka, sijui nani alikunong'oneza kuwa siku hizi niko getini. Umeandika "binafsi" juu ya bahasha, ukapigia mstari mara mbili, basi mlinzi akaniletea huku anacheka akidhani nimepata hawara uzeeni. Nafungua, naona picha yako umesimama melini na glasi mkononi, na chini ya picha maswali. Maswali saba, tena umeyapa namba! Ufukwe upi msafi, maji ya bomba yananyweka au hayanyweki, viatu gani vinafaa, teksi ni bora au matembezi ya meli. Haya yote anauliza mtu aliyezaliwa hatua mia sita kutoka hapo niliposimama. Makubwa!

Swali la nne nimelisoma kwa sauti ili nihakikishe macho hayanidanganyi. "Je, mitaa iliyo nyuma ya bandari ni salama kwa wageni?" Matege! Mitaa ya nyuma ya bandari ndiyo iliyokulea. Hapo ndipo ulipovunja jino kwa kukimbia na kikombe mdomoni. Hatari pekee tuliyowahi kuwa nayo mtaa huu ilikuwa wewe na manati yako, nayo ilihamia ughaibuni miaka kumi na tisa iliyopita, majirani wakapumua.

Na swali la sita, eti nikuelekeze mahali pa kuona "maisha halisi ya wenyeji". Njoo uyaone. Leo yanafua mashuka.

Lakini kazi yangu ni kujibu maswali ya watalii, na siwezi kukunyima wewe kile ninachompa kila aliyeungua pua. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza kisiwa tunakifunga saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja, awahi. Akanishukuru sana. Basi na wewe panga foleni, nikuhudumie.

Kitu cha kwanza ni saa. Ukishuka usiiamini simu yako. Meli ina saa yake na nchi kavu ina saa yake, na simu ikinusa mtandao wa huku inajibadilisha yenyewe bila kukuomba ruhusa. Mwezi uliopita mume na mke walirudi wanatembea kwa raha zao, koni za aiskrimu mkononi, wakakuta gati tupu. Mke alimgeukia mumewe akamwambia neno moja tu. Lugha yao siijui, lakini neno nililielewa. Kwa hiyo vaa saa ya mkono, iache kwenye saa ya meli, na uwe umerudi getini saa nzima kabla ngazi ya meli haijapandishwa. Nahodha hamngoji mtu. Anawangoja tu wale walionunua matembezi kwenye meli yenyewe, maana basi lao likichelewa ni aibu yake.

Hayo matembezi, kama unaogopa kuachwa, nunua. Utabanwa kwenye basi na watu arobaini, utashushwa mbele ya duka la binamu yake dereva, kisha utapewa dakika kumi za kuitazama bahari uliyokuwa unaitazama tangu juzi.

Ukitaka teksi, usipande ya kwanza. Hao wanaokuita "rafiki yangu" kabla hujavua miwani si watu wa foleni yangu. Njoo kwenye kibanda cha buluu, patana nauli kabla hujakaa, na uliza kama ni ya gari zima au ya kila kichwa, ya kwenda tu au na kurudi. Na usijitie kutomjua dereva. Yule mwenye kipara mliyekaa naye dawati moja bado anaendesha, na mdomo wake unaujua.

Ufukwe wa karibu ni mzuri siku yenye meli moja. Siku yako zipo mbili, nimetazama ratiba, watu watajazana kama nguo kwenye beseni. Nendeni ule wa mbali, dakika ishirini na tano kwa gari, mfike kabla ya saa nne asubuhi. Mvae viatu vya kuingilia majini, chini kuna miiba. Mafuta ya jua jipake na wewe pia, usijifanye mwenyeji. Ngozi yako imeshazoea taa za ofisi, itababuka kama ya mgeni yeyote. Maji kunywa ya chupa, maana tumbo lako nalo limeshapata uraia wa huko. Dhahabu acheni melini. Kadi ya meli isitoke shingoni. Saa saba mchana itanyesha mvua ya robo saa, msikimbie ovyo kama kuku, simameni chini ya paa, itapita.

Umeridhika? Wateja wangu wengine hapa ndipo wanaposema asante na kwenda zao. Wewe bado, nina shughuli na wewe.

Aya yako ya mwisho, ile uliyoibana chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. "Safari ile ya kwanza nilisimama getini saa nzima, hamkuja. Sitaki kuwasumbua tena. Nitapita kama mtalii wa kawaida. Usimwambie Mama." Nilipoisoma damu ilinipanda mpaka masikioni. Sisi hatukuja? Sisi?

Ngoja nikukumbushe siku ile ilivyokuwa upande wetu. Ulikuwa umetuandikia utafika saa nane. Saa saba na nusu Mama alikuwa getini, amevaa gauni lake jipya, mkononi kifurushi cha karatasi, ndani shati la buluu alilokushonea kwa siku nne. Meli moja ilikuwa gatini tangu asubuhi. Tukasema hii siyo, yetu inakuja saa nane. Ilipofika saa nane ile ikalia honi, ikaondoka. Mama akaipungia mkono, kwa adabu tu, meli ya watu wengine. Tukangoja yetu. Simu yako haikupatikana. Saa kumi na moja mlinzi akatuonea huruma, akatuambia mama zangu, leo meli ilikuwa moja tu, nayo ndiyo ile. Mama hakulia. Alinipa kifurushi nimbebee, akasema goti linamuuma. Goti lilianza siku ile.

Tukajua umetudanganya saa makusudi, upite kwenu bila kuingia kwenu. Wewe hukupiga simu, sisi hatukupiga. Miaka mitatu nimekudharau, Matege, nasema wazi. Nilikuwa nikifua mashuka ya hospitali huku nakusema peke yangu. Mwaka uliofuata nikaacha kazi ya kufua hospitalini, nikaomba ya getini, angalau awepo mtu wa kwetu pale anayejua meli ipi inaingia lini.

Basi Alhamisi nikarudia kuisoma barua yako, natafuta pengine pa kukutukana, ndipo nikaiona. "Meli itafika saa nane asubuhi na kuondoka saa mbili mchana." Nikamwonyesha mlinzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Saa nane asubuhi! Hiyo saa inauzwa duka gani? Saa nane ni mchana, mtu ameshakula anasinzia. Mtoto wa darasa la kwanza anajua asubuhi tunaanza na saa moja, jua likishatoka. Wewe umekaa huko unasoma saa kama mshale unavyoonyesha, nane ni nane, halafu unatuandikia hivyo hivyo kwa Kiswahili, na wino mzuri.

Halafu kicheko kikanikauka.

Nikaomba ruhusa, nikapanda nyumbani, nikafungua droo ya cherehani. Mama hutunza humo sindano, vifungo na ile barua yako ya kwanza. "Tutafika saa nane, tutaondoka saa mbili." Hakuna asubuhi, hakuna mchana. Saa nane yako ni saa mbili yetu, na saa mbili yako ni saa nane yetu. Wewe ulisimama getini asubuhi, Mama bado anapiga pasi gauni. Sisi tulifika ukiwa umeshapanda. Ile meli ya watu wengine aliyoipungia mkono, ulikuwemo.

Usianze kushangilia. Saa nimekusamehe. Mtu akikaa ugenini vitu vinamdondoka, hesabu ya saa imo. Lakini miguu je? Ulisimama getini saa nzima, hatua mia sita kutoka mlango wa kijani, unangoja kupokewa kama waziri! Katika saa nzima hata mwenye matege anafika kwao na kurudi mara tano. Ulingoja maua? Au ulikuwa na wenzako wa ofisini, ukaona haya watazihesabu ngazi zetu? Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe mtumwa mwenye kamera shingoni.

Na mimi? Barua imekaa ndani ya droo miaka mitatu, kila Jumamosi nachukua humo sindano, sikuifungua hata siku moja. Kukukasirikia kulinipendeza zaidi. Hilo nalikiri hapa, na usilitumie kunijibu.

Umeniambia nisimwambie Mama. Nimemwambia. Nilimwekea barua zote mbili mezani nikamweleza saa kwa vidole. Alikuwa anapindia pazia. Akasema, "Kumbe alikuja." Akaendelea kushona. Wakati wa kula, kijiko kiko hewani, akasema tena, "Kumbe alikuja." Hajakutaja kwa ubaya miaka yote hii, ila kila meli ikilia honi alikuwa anainuka kufunga dirisha. Jana ililia. Hakuinuka.

Kwa hiyo pokea ushauri wa mwisho, ule ambao hukuuuliza. Mama hatakuja getini. Goti halimruhusu, na mimi pia simruhusu. Ukishuka, pita kibandani kwangu. Kama hutaki wenzako wajue mimi ni nani, usinisalimie, nitajitia sikujui, nina mazoezi. Geuka kushoto, pita ofisi ya forodha, utaona ngazi. Ziko ishirini na mbili, ya tatu imevunjika, shika ukuta. Wifi yangu aje na wewe. Wenzako nao wakitaka kuja waje, ni maisha halisi ya wenyeji, tena hayana kiingilio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mgeni wa masaa sita, hata jembe lenyewe hatuwahi kulitafuta. Kaa unavyoweza, kisha nenda ukaogelee na watalii wenzako.

Na saa zote nilizotaja humu ni za kwetu. Rudi juu uzisome upya.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie kosa si lake, alikukuta hivyo hivyo. Watoto waambie shangazi yao anataka wajifunze saa kabla baba yao hajawafundisha. Shemeji yako anakusalimu, bado anasema wewe ni mtu mzuri, lakini na friji letu amekuwa akisema hivyo hivyo. Mwenye kipara nitampa salamu zako utakapokuwa umeshafika, nikimpa leo kesho mji mzima unajua. Mungu akulinde majini, akushushe salama, na akupe miguu ya kupanda ngazi.

Ni mimi dada yako mkubwa akupendaye, ingawa wiki hii kwa kujilazimisha,

Kifungua Mimba.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, Mama amenifanya niifungue. Amelitoa lile shati la buluu. Ameiangalia picha yako ya melini, akaiangalia tena kwa miwani, akasema kitambi hicho hakiingii humu. Nilifikiri atalirudisha kabatini. Amelifumua lote. Sasa hivi liko vipande vipande juu ya cherehani, mikono huku, kola kule, na anasema hashoni hata mshono mmoja mpaka mwenye tumbo asimame mbele yake apimwe. Siku yako atakuwa na utepe wa kupimia shingoni kuanzia saa mbili. Saa mbili asubuhi, Matege.