Mwikali, Siku Zetu Mbili za Machakos

Mwanangu Mwikali,

Sijui utaisoma barua hii ukiwa wapi, wala kama itakufikia. Nimeiacha wazi bila kuibandika, ili kila atakayeishika aisome na aone kwamba haina hila yoyote. Ni mzazi anayemtafuta mtoto wake. Mama yako ni mgonjwa sana. Sukari ilimla macho, sasa inamla figo. Hospitali wamemrudisha huku nyumbani Riruta, na daktari aliponivuta kando kuzungumza nami hakutaja dawa yoyote.

Nimelitanguliza hilo makusudi. Unajua nilivyo mzito wa kusema mambo kama hayo. Ulijua tangu Machakos.

Ulikuwa na miaka kumi. Mdogo wako alizaliwa Jumatano, na Ijumaa asubuhi akatutoka hospitalini kabla hujamtia machoni. Mama yako aliniomba nikutoe nyumbani siku mbili, nikuambie polepole, ili yeye akirudi apate kulia bila wewe kumtazama. Jumamosi nilipotoka ofisini mchana nilikukuta kwa jirani, umevaa gauni lako la kanisani, soksi zimevutwa hadi magotini. Nikakuambia twende nikuonyeshe mji niliosomea utotoni. Tukapanda basi la Machakos. Kwenye nyika za Athi ulikuwa ukihesabu punda milia kwa sauti, nami nikajiambia ukifika ishirini nitasema. Ulifika ishirini, ukapita, na mimi nimenyamaza.

Mama (nakuita hivyo bado, kwa kuwa una jina la mama yangu; sikuacha kukuita hivyo hata mwaka ule wa hasira), nakumbuka mtaa ule wa maduka ya zamani, mabaraza yake marefu, mafundi wa cherehani wamepangana nje wakikanyaga pedali, na maua ya jakaranda yamelala barabarani hadi ukaanza kutembea kwa ncha za vidole usiyakanyage. Nilikupeleka kwenye jengo la mawe lililokuwa ofisi ya serikali zamani.

"Hapa palikuwa na serikali wakati Nairobi bado ni matope na vyura," nikakuambia.

"Sasa mbona sisi tunakaa Nairobi?"

"Reli ilipita kule, mama. Huku haikufika."

"Kwa hiyo mji uliachwa tu?"

"Uliachwa."

Ukauangalia ule ukuta kwa huruma, ukaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Niliona hapo ndipo pa kukuambia. Badala yake nikakununulia chai na mandazi. Nikakupeleka sokoni ukawatazama wanawake wakisuka vyondo. Mmoja akakuachia ujaribu, ukaharibu safu nzima, akaicheka na kuifumua. Nilikuwa nakuzungusha mji mzima nikilikimbia neno moja.

Jumapili baada ya kanisa tukapanda njia ya vilima vya Iveti hadi tukaona mabati yote ya mji chini yetu, mekundu kwa kutu, na msikiti katikati. Tukaketi juu ya jiwe. Ukaniuliza bila kunitazama:

"Baba, mtoto amekufa, sivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nilimwona jirani akikunja nepi zetu na kuzirudisha kwenye sanduku."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulikuwa unafurahi kunionyesha mji wenu."

Nililia mbele yako, mtu mzima, karani wa serikali. Wewe ukashika mkono wa koti langu, ukaushikilia njia yote ya kushuka, na kwenye basi pia, hadi Nairobi. Nilikwenda kukufariji wewe, ukanifariji wewe mimi.

Mtoto wa namna hiyo ndiye niliyemfukuza.

Siwezi kusema nilichokozwa. Ulikuwa tayari umeajiriwa, unapiga taipu mjini, unalala Parklands na rafiki yako, na kila mwisho wa mwezi unakuja na sukari na majani ya chai. Siku ile ulikuja na Salim. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akaniambia, "Shikamoo, mzee," nami sikuitikia. Alikuwa kijana wa pwani, Mwislamu, anauza vitambaa katika duka la amu yake. Sikumuuliza hata kwao ni wapi. Nilikuambia, "Ukitoka na huyu, mimi sina binti." Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Ulingoja kidogo, nadhani ulikuwa unanipa nafasi ya kulimeza neno lile. Sikulimeza. Ukachukua mkoba wako, ukamkumbatia mama yako pamoja na lile sinia, mkaenda.

Ni mwaka wa pili huu. Nimekwenda ofisini kwako, wakasema uliacha kazi. Nimekwenda Parklands, rafiki yako akaongea nami mlango ukiwa nusu wazi, na sikumlaumu. Mwisho nikaenda kwenye duka lile la vitambaa, karibu na msikiti mkubwa. Nilizunguka mtaa mara tatu kabla ya kuingia. Amu yake Salim aliposikia jina lako, akaacha wateja wake, akanivutia kiti.

"Keti, bwana. Hata sisi tulimkataa," akasema. "Tulimwambia Salim, umekwenda kuoa bara ukakosa nini kwenu? Basi wakatuacha sote wawili, mimi na wewe."

"Wako wapi?"

"Tanga, kwa ndugu za mamake Salim. Nilipeleka salamu kwa mkono wa dereva, akarudishwa mpakani. Tangu mpaka wa Tanzania ufungwe, hapiti mtu."

Tukakaa pale, wazee wawili. Aliponisindikiza alinishika mkono muda mrefu.

Sikuweza kumpelekea mama yako habari ile. Nilimwambia umeandika. Nikashika karatasi ya ofisini mbele ya macho yake yasiyoona, nikasoma barua ambayo haikuwapo: kwamba u mzima, unatusalimu, utakuja. Akasema, "Soma tena." Juma lililofuata nikaleta nyingine. Katika barua hizo nilikupa nyumba yenye dirisha la bluu. Nilisema hata kwamba u mjamzito, Mungu anisamehe. Nimesoma barua saba.

Jana nilipomaliza ya saba akasema, "Baba Mwikali, mtoto wangu hasemi hivyo. Hayo ni maneno yako."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu ya kwanza. Nilikuacha uendelee kwa sababu nilisikia ukimtaja." Kisha akasema, "Sasa mwandikie yeye. Mwandikie ukweli."

Ndio huu. Nilisema sina binti, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko zile barua saba zote. Salim aliniamkia nami nikakataa kuitikia. Mwambie marahaba, imechelewa, lakini ni marahaba. Sina haki ya kukuomba kitu kwa ajili yangu. Naomba kwa ajili ya mama yako, ambaye kila hatua ikipita nje hugeuza kichwa. Amu yake Salim anasema kuna watu wanaozunguka kwa njia za mbali hadi Tanga, naye atawapa barua hii. Nyingine kama hii nimempa padri wetu, na nyingine naipeleka gazetini.

Njoo, mama. Njoo na mumeo. Ukishindwa kuja, andika mstari mmoja kwa mkono wako, hata ukiwa wa kunikataa mimi. Nitamsomea kama ulivyo, sitabadilisha neno. Ila uandike upesi.

Ni mimi, baba yako.