Hata Kuku Anatajwa

Dada Mueni,

Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila joto la Juba linanipika, na wivu unamalizia kazi.

Jirani yangu hapa Malakia ni Mama Apio, Mganda aliyekuja baada ya mkataba wa amani kama mimi. Anauza chapati soko la Konyo Konyo. Kati yetu kuna ukuta wa mabati tu. Kila alfajiri, kabla hajakanda unga, anamshukuru Mungu kwa sauti, akiwataja mmoja mmoja wote waliomfaa jana. "Mungu, asante kwa ule mutu ya tanki, alileta maji. Asante kwa ile kuku, ilitaga."

Mimi nalala pale nikisubiri jina langu. Wiki tatu sasa! Hata kuku, dada! Nina mshahara wa hoteli na feni, na bado naamka nikinung'unika. Yeye ana karai na jiko, na anaamka kama mwenye harusi. Jana nilimbebea ndoo mbili za maji makusudi, nikamchekea mpaka taya zikauma. Leo nikatega sikio. Akashukuru kwa kivuli cha mwarobaini.

Nilikasirika, nikaamua kushukuru mwenyewe, kwa sauti kubwa, nimpiku. Nikafumba macho. Jina la kwanza kunitoka mdomoni lilikuwa lake. Kule ng'ambo ya mabati, unga ukaacha kukandwa.

Nibusie watoto. Na ukisali leo, tafadhali, nitaje.

Mdogo wako,
Mwende