Pikapu ya Tata Inazimika Njia ya Muleba

Jumamosi, 7 Juni

Mikungu ya ndizi ilipakiwa kabla jua halijatoka. Mae akanifungia viazi vya kuchemsha, maana mama yangu hawezi kuniacha nitoke na tumbo tupu. Nikapiga stata, pikapu ikaitika mara moja. Nikatoka Izimbya nikiimba.

Mpaka kwenye lami hakuna neno. Karibu na Muhutwe ikaanza kukohoa. Ikavuta, ikakosa nguvu, ikazima. Katikati ya mlima! Nyuma yangu basi linapiga honi, utadhani mimi ndiye niliyeuweka mlima pale.

Nikafungua boneti. Waya zipo. Plagi zipo. Nikasimama na bisibisi mkononi bila kujua niipeleke wapi. Baada ya muda nikajaribu tena. Ikawaka, ikaenda vizuri kabisa, haina hata aibu. Mbele kidogo ikarudia. Nilipofika Muleba lori la mnunuzi lilikuwa limeshaondoka kwenda Kahama. Ndizi nimeziachia sokoni kwa bei ya kutupa, kwa wanawake wenye migomba yao nyumbani. Walinunua kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeipeleka kwa Fundi Sudi, hapa Bukoba mjini. Huyu ndiye aliyekuwa akimtengenezea Tata, baba yangu, tangu pikapu hii ikiwa na rangi moja. Kaisikiliza kidogo tu, kasema kabureta. Kaifungua yote. Kasafisha jeti kwa petroli, kapuliza tundu moja moja, karekebisha boya, kapanga sailensa injini isizime gari likisimama. Tukazunguka nayo mpaka ufukweni na kurudi. Inanguruma kwa utulivu. Sudi akafuta mikono na kujisifu.

Natamani nimwamini. Nina sababu ya kuhangaika. Tulipomaliza msiba wa Tata, ukoo ulikaa ukagawa. Wilson, kaka yangu, ndiye omusika, mrithi mkuu, kwa hiyo kibanja cha migomba na nyumba ni vyake. Mae anaishi humo, nami hulala hapo kila Ijumaa nikifuata ndizi; Wilson mwenyewe yuko Mwanza. Pikapu nikaachiwa mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa naiendesha baba alipoishiwa nguvu. Mtoto wa kike kupewa gari, watu waliguna. Ndipo Baba mdogo Yoeli akaweka sharti mbele ya wote: ikiwa barabarani ni ya Kemilembe, ndiye mimi, ikishindwa kazi irudi kwa omusika. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi huu. Wataiulizia.

Bila pikapu nina nini? Chumba cha kupanga Kahororo na sufuria. Ndoa ilishakwisha. Sirudii kuomba mtu hata hela ya chumvi.

Jumamosi, 14 Juni

Imezima tena. Mara tatu.

Safari hii sikusimama bure. Nilitazama filta, ile ya kioo. Tupu. Petroli haifiki kwenye kabureta. Kwa hiyo kabureta haina kosa, na Sudi amenifungulia kitu kisichoumwa. Nikampigia simu palepale barabarani. Akasema basi itakuwa pampu. Itakuwa! Juzi alikuwa na uhakika.

Lori limeondoka tena. Mnunuzi amenipigia, ana adabu, lakini amesema safari ijayo atachukua kwa mtu mwingine akinikosa.

Nimerudi Izimbya kumwambia Mae. Alinikalisha, akanipa chai. Akasema chuma kinazeeka, mwana wange, waachie wanaume wahangaike nacho. Nililia begani kwake. Mwanamke mzima. Akanipapasa mgongo mpaka nikanyamaza. Kwa Mae ndipo mahali pekee ninapoweza kulia.

Jumanne, 17 Juni

Pampu imebadilishwa. Platini, zile za kutoa cheche, nazo zimesuguliwa. Mpira wa mafuta umetolewa, umepulizwa, umerudishwa. Mjini inakwenda vizuri. Mjini siku zote inakwenda vizuri! Sudi anacheka, anasema, "Dada Kemi, gari hili linakuogopa wewe." Sikucheka.

Jioni Wilson kapiga simu. Salamu, watoto, hali ya hewa, halafu: pikapu inaendeleaje, nasikia inasumbua? Kajuaje? Sijamwambia. Niliyemwambia ni Sudi, na Mae.

Nimekaa nikipiga hesabu kichwani na hesabu ni mbaya. Omusika anafaidika ikifa. Fundi ndiye anayeishika kila wiki. Sitaki kuamini, lakini naamini kidogo, na kidogo hicho kinaniharibia chakula.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeijua!

Nilitoka peke yangu bila mzigo, njia ya Muleba, kuitafutia ugonjwa. Ikazima baada ya Kemondo. Kioo cha filta kitupu. Geji ya mafuta ilikufa zamani, kwa hiyo nikachukua kijiti nipime tangi. Nilipozungusha mfuniko, tangi likavuta pumzi. Psssss, ndefu. Nikaganda na mfuniko mkononi. Nikarudi kwenye usukani, nikapiga stata kidogo. Ikawaka.

Nikaugeuza mfuniko. Katikati yake kuna tundu dogo la kupitisha hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie, la sivyo tangi linajibana na pampu inavuta bure. Ukingoja, hewa inajipenyeza taratibu, gari linawaka, unadhani limepona. Tundu lile limezibwa kwa ndani. Nikakwangua kwa kucha. Sabuni. Sabuni ya mche, ya bluu.

Si uchafu wa barabara huu. Ni mkono wa mtu. Madereva wote huku wanajua kuziba tangi linalovuja kwa sabuni, maana petroli haiiyeyushi. Tangi langu halivuji. Na hakuna anayeziba tundu la hewa kwa bahati mbaya.

Nikaendesha moja kwa moja mpaka gereji. Nilimwita Sudi msaliti mbele ya wateja wake. Nikamrushia kile kipande cha sabuni. Akakiokota, akakitazama, uso ukambadilika. Akasema, "Mimi na baba yako tulikula pamoja, Idi na Krismasi. Gari la rafiki yangu siliui." Halafu akaniambia niondoe pikapu yangu mlangoni.

Nimeondoka. Bado nina hasira, ila sijui tena niielekeze wapi.

Ijumaa, 20 Juni

Tundu nimelizibua kwa pini. Leo nimekwenda Muleba na kurudi bila kuzima hata mara moja. Kumbe ndiyo hiyo tu. Wiki mbili za mateso kwa sabuni isiyofika punje ya kahawa.

Nimefika Izimbya jioni. Kabla ya kuingia ndani nimefungua mfuniko, nikaupuliza, hewa inapita. Wilson yuko Mwanza. Sudi yuko Bukoba. Gari liko hapa uani, chini ya dirisha langu. Ikizima kesho, basi ni uchawi, na Walutheri hatuamini.

Jumamosi, 21 Juni

Sabuni.

Asubuhi nilikwenda kutazama kwa kujiridhisha tu. Ilikuwa mbichi, bado laini, na alama ya kidole juu yake. Nyumbani tulikuwa wawili.

Niliibandua taratibu nisiifute ile alama, nikaihifadhi. Halafu nikaenda jikoni. Mae alikuwa anamenya ndizi. Nikaweka mfuniko mbele yake, juu ya maganda. Hakushtuka. Hakukana. Aliendelea kumenya ile iliyokuwa mkononi mpaka ikaisha.

Aliongea Kihaya. Naandika kwa Kiswahili, labda hayataniuma sana. Alisema ndiye aliyemwambia Wilson kwamba inasumbua, na kwamba pikapu ni ya omusika. Wilson akiipata atakuwa na sababu ya kurudi, atajenga, kibanja kitakuwa na mwanamume. Wewe utaolewa tena, alisema, utakwenda na mali ya baba yako kwa watu wengine. Nilimuuliza nani alimfundisha lile tundu. Akasema, "Tata wako." Zamani tope liliziba tundu hilo wakiwa njiani, Tata akalizibua, akamwonyesha. Alikuwa amekaa pembeni yake miaka yote ile, anaona.

Nilimuuliza, na siku nilipokulilia? Akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya.

Nimepakia ndizi mwenyewe. Nimefika Muleba mapema, lori lipo, mnunuzi amefurahi, ameniita mama wa kazi. Nimepokea hela na sikuhisi kitu.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimelala nikitazama dari.

Ningemsamehe fundi. Ningemsamehe hata Wilson, ndugu wa kiume wana tamaa, tunajua. Mama yangu aliamka, akachukua kipande cha sabuni, akatoka uani kimyakimya nisisikie. Halafu akarudi kunichemshia viazi vya safari. Mkono uleule.

Na mlima wa Muhutwe? Je, kama lile basi lingenigonga? Hakuliwaza hilo, au aliliwaza?

Amenisaliti. Nimeliandika na bado neno linaonekana dogo.

Jumatano, 25 Juni

Nimemwomba Sudi radhi, mbele ya wateja kama nilivyomtukana mbele ya wateja. Niliona ni haki yake. Akaniuliza ni nani basi. Nikasema sijui. Alinitazama, akajua kwamba najua, na kwamba ni wa nyumbani. Aliniletea kiti.

Jumapili, 29 Juni

Kikao cha ukoo, Izimbya. Nilikwenda na pikapu, nikaipitisha taratibu mbele yao wote na kuiegesha. Kile kipande cha sabuni kilikuwa kwenye pochi, nimekifunga kwenye karatasi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka Baba mdogo Yoeli akishike, kila mtu aone alama ya kidole.

Mae alikuwa amepika tangu jana. Ndizi, samaki, kuku wa Wilson. Kuku yule haliwi mpaka Wilson afike, alisema. Kila gari likisikika barabarani anasimama mlangoni.

Wilson hakuja. Baba mdogo alimpigia simu, akaweka sauti juu tusikie wote. Wilson kasema ana kazi nyingi, anatuombea. Alipoulizwa pikapu, alicheka. Kasema, "Nifanye nini na lile gari? Mwacheni Kemi aliendeshe, si ndiye anayeliweza." Na nyumba? Kasema kwa sasa hana mpango wa kujenga huku.

Nilimtazama Mae. Nilitaka kufurahi. Alikuwa ameshika mwiko, macho kwenye sufuria, na hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi. Baba mdogo akatamka kwamba pikapu ni yangu, moja kwa moja, bila sharti. Watu wakapiga makofi. Mae naye akapiga, akiwa bado na mwiko mkononi.

Sikufungua pochi. Si kwamba nimesamehe. Sijasamehe. Niliona tu kwamba niliyetaka kumshtaki alikuwa ameshaadhibiwa.

Kuku wa Wilson tulimla sisi. Mae hakula.

Jumatano, 2 Julai

Nimenunua mfuniko mpya wa tangi, wa kufungwa kwa ufunguo. Kabla ya kuuchukua nimeupuliza dukani, hewa inapita. Muuzaji kanishangaa. Sudi kanifungia. Ufunguo nimeuweka pamoja na wa swichi.

Nilifikiria kuacha kulala Izimbya. Naweza kutoka Kahororo alfajiri, nikafuata ndizi, nikapitiliza. Niliamua hivyo kabisa. Halafu nikakumbuka Mae hana mtu mwingine anayefika pale, na nikakasirika upya, maana hata huruma yangu siwezi kumnyima.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefika Izimbya jua likiwa bado lipo. Mae alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Tukasalimiana vizuri. Nikaegesha palepale pa siku zote.

Nikazunguka ubavuni, nikafunga mfuniko kwa ufunguo, nikauvuta kuhakikisha. Alikuwa ananitazama.

Akauliza ufunguo ni wa nini.

Nikamwambia siku hizi wezi wamezidi.

Akainama, akageuza kahawa upande mmoja, kisha upande wa pili. Akasema ni kweli, wamezidi.

Baadaye akaniita nile. Alikuwa ametia chumvi kidogo, kama ninavyopenda. Nikala, nikaosha vyombo, nikalala.