Usimwite Tope

Jumapili, 2 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na afya yako huko darajani ndiyo naiuliza kwanza. Kifua vipi? Moshi wa kuchomelea vyuma si mchezo, jifunge kitambaa hata kama wanaume wa kambini wanakucheka. Mimi mzima, goti tu. Dereva wa lori lenu anakunywa chai hapa akinisubiri, kwa hiyo naandika mbio, mwandiko usiucheke.

Mwanangu, yule mbwa wako Tope ametoroka. Nimejaribu kuanza na mambo mengine, nimeshindwa.

Jumatano nilimwogesha. Nikamvua ule mkanda wa shingoni nikaufua nao, nikauanika, maana nilimwonea huruma, nikasema shingo ipate hewa. Muuza gesi akaja kushusha mtungi kwa jirani, ukamponyoka, ukalia sakafuni kama bomu. Mbwa akapita katikati ya miguu yangu na povu lake mwilini, akaenda zake.

Majirani wamenisaidia kwa moyo wote. Mtaa mzima ulitoka, mwenye filimbi, mwenye mfupa, vijana na pikipiki zao, wote wanaita Tope, Tope. Kila tukimwona anazidi kwenda mbali. Sasa yuko kwenye ile yadi ya mbao karibu na reli, anajificha chini ya magogo. Mlinzi wa pale ni mtu mwema, lakini ameniambia tajiri wake hataki mbwa wa mitaani, mwisho wa mwezi wanaweka nyama ya sumu. Mwenye mkanda shingoni wanamfukuza tu salama. Asiye nao hawamuulizi. Na mkanda uko hapa kwenye kamba ya nguo, niliuvua kwa mkono wangu huu.

Wewe ulimtoa mtaroni akiwa amevunjwa mbavu, ukaniachia mimi. Niambie la kufanya, nitalifanya.

Mama yako

Jumamosi, 8 Februari

Shikamoo mama,

Kifua hakijambo, kitambaa najifunga, na wale waliokuwa wakicheka sasa ndio wanaokohoa. Goti lipake dawa, usijifanye msichana.

Barua yako niliisomea juu ya daraja, msimamizi akaniambia nishuke kwanza ndipo nilie. Sikugombezi, mama. Niliomba ruhusa nije, nikanyimwa, nikasema basi naacha kazi. Mpishi wetu ndiye aliyenishika mkono akanikalisha jikoni. Huyu mama ameokota mbwa wa barabarani tangu usichana wake, na watu wa kwao wakipotelewa humkimbilia yeye. Alinisikiliza huku anamenya viazi, akauliza kitu kimoja tu, kama mnamwita. Nikamwambia mtaa mzima unamwita. Akaweka kisu chini.

Anasema hivi. Mbwa akishatishika vile, hajui tena kwamba ninyi ni watu wake. Akisikia jina lake kwa watu wanaokimbia, anajua hilo ni jina la hatari. Kwa hiyo mtaa ukae nyumbani. Nenda peke yako, kila asubuhi saa ileile. Vaa gauni ulilopikia, usilifue, harufu yako ndiyo anaijua. Kaa chini kabisa, mpe mgongo, usimtazame, usimwite. Kula kitu, dondosha vipande. Na akikusogelea usimkamate. Kuna mtu mpishi anamjua, alimrukia mbwa wake siku ya kwanza aliposogea, na hakumwona tena.

"Mwambie mama yako asimtafute mbwa," amesema. "Amwache mbwa amtafute yeye."

Najua kwako kunyamaza ni kazi kuliko kubeba zege. Jitahidi, mama yangu.

Mwanao

Jumapili, 16 Februari

Mwanangu,

U mzima? Unakula? Mwambie mpishi nimemwamkia na Mungu amzidishie. Goti limechachamaa kwa kukaa chini, lakini halijanishinda.

Kwanza nilipita nyumba hadi nyumba kuwaomba watu wasinisaidie. Jirani wa filimbi amenuna, hata salamu anaitikia puani. Kisha nikaenda yadi na gauni linalonuka vitunguu, nikakaa kwenye unga wa mbao, nikayapa magogo mgongo. Mlinzi alinitazama weee, mwishowe akaniuliza kwa adabu kama nina ndugu wa karibu awaite.

Nilinyamaza, mwanangu. Sijawahi kunyamaza hivyo hata kanisani. Siku ya tatu nikasikia anatafuna nyuma yangu, karibu kabisa, na mdomo ukanitoka wenyewe, nikasema Tope, polepole, kama ninavyomwita akiwa jikoni. Nikasikia kucha tu zinakimbia. Siku mbili hakuonekana hata kivuli. Nililia mbele ya mlinzi bila haya, kwa sababu ya neno moja.

Sasa sikiliza. Kunyamaza siwezi, nimejijua. Lakini si lazima niongee na mbwa. Nikamwomba mlinzi aje akae mbele yangu, nikaanza kuongea naye yeye. Nimemweleza goti langu, bei ya gesi, ulivyokataa kuacha ziwa. Naye ana mkwe anayemnyima usingizi, basi tumemsema huyo mpaka kuchoka. Mbwa hatukumtaja. Na katikati ya habari za mkwe, mlinzi akaninong'oneza bila kugeuza shingo kwamba ametoka, amelala hatua chache nyuma yangu, masikio yamesimama. Nikaendelea na mkwe. Tangu hapo kila siku anasogea, nikinyamaza anarudi ndani.

Muulize mpishi kama hii inaruhusiwa, lakini jibu lake silisubiri. Na habari ya kuacha kazi nisiisikie tena. Wewe shika vyuma vyako, huku nipo mimi.

Mama yako

Ijumaa, 21 Februari

Shikamoo mama,

Mimi salama, ila usingizi sina. Mpishi amecheka mpaka amejifuta machozi kwa aproni. Anasema sauti ruksa, jina ndilo hapana, na yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria hilo la mkwe.

Anaongeza haya. Fanya kitanzi kikubwa cha kamba, kiweke mapajani kama kitu cha kawaida, akiweka kichwa mwenyewe ndipo ukikaze, taratibu, na mlinzi awe ameshafunga geti. Ukimfikisha nyumbani usimvute ndani. Acha mlango wazi, uingie wewe.

Lori halirudi tena kwenu mpaka Machi, barabara inatengenezwa. Mwisho wa mwezi utapita nikiwa sijui lolote. Mama, hata likitokea baya, niandikie.

Mwanao

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nyumbani. Pumua kwanza.

Siku ya mwisho ya mwezi tajiri alikuja mwenyewe, na ndoo ya ile nyama. Mimi nimekaa chini, mbwa yuko nyuma yangu nasikia pumzi zake. Nikisimama, kazi yote imekwisha. Nikamwambia, "Shikamoo tajiri, unisamehe siwezi kusimama, nina mgeni."

Akauliza ni mbwa wangu? Mbona hana mkanda?

"Mkanda ninao," nikamwambia. "Shingo ndiyo bado."

Mlinzi akaangalia juu asicheke. Tajiri hakucheka, lakini ndoo aliiweka chini, akasema geti linafungwa saa kumi na moja, baada ya hapo asinione wala asimwone. Nikamwomba basi akae kidogo tuongee. Nilimwuliza habari za mbao, mwanangu, aina zote, ipi inaliwa na mchwa, ipi inapinda. Yule mtu kumbe hajawahi kuulizwa. Alianza kueleza na hakukoma, na akiwa anaeleza mninga nikasikia kidevu kinatua pajani kwangu.

Mikono niliiacha ilivyo. Nikauliza, na mkangazi je? Mlinzi akalifunga geti kama anafunga mlango wa mtoto aliyelala. Kitanzi kikapita. Mkanda nikaufunga bila kuangalia. Tajiri alikuwa bado kwenye mkangazi.

Tulirudi kwa miguu. Mtaa wote ulikuwa nyuma ya mapazia, niliwaona vidole. Hakuna aliyekohoa. Yule wa filimbi alikuwa ameshika mdomo wa mtoto wake.

Sasa nikwambie ukweli wote. Uani amekubali, anakula, mbavu zinajaa. Ndani hataki. Zaidi ya wiki anafika kizingitini, analala na pua ikielekea chumbani, nikigeuka tu anaondoka. Jirani anasema nimwinue nimwingize yaishe. Nimekataa. Aliondoka kwa miguu yake, kwa miguu yake ataingia.

Ndiyo maana hii barua ni ndefu. Nimekaa mezani mgongo wangu mlangoni, nasoma kwa sauti kila ninachoandika, neno kwa neno. Nilipofika kwenye mninga nilisikia anainuka.

Nasikia kucha kwenye sakafu. Sigeuki.

Nitaandika chochote sasa. Leo jua kali. Nimenunua sabuni. Kikombe chako cha bluu kipo, hakuna anayekigusa. Amesimama. Nimenunua chumvi pia, na kiberiti. Mwanangu uvae kitambaa. Anakuja tena. Kuna kitu kimenigusa nyuma ya mguu, cha baridi, kina maji. Naendelea kuandika. Mchele umepanda. Mvua bado.

Mama yako