Bega Nililolikanda

Mtaa wa Soko, La Paz,
Iloilo.
14 Septemba 2019

Mpendwa Dada Amparo,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Hujambo wewe, na goti lako je? Bado linakusumbua ukipanda ngazi za wale wazee unaowauguza huko Bergen? Usiache kuvaa soksi mbili. Sisi hatujambo, na leo naliandika neno hilo bila kudanganya.

Kwenye simu uliambiwa tu kwamba Baba amepasuliwa moyo na anaendelea vizuri. Ni kweli. Ila lipo jambo sikuweza kulisema, maana kila nikikupigia Mama anakuwa kanibana ubavuni, anasubiri zamu yake.

Mwisho wa Juni tulikuwa na mtihani wa moyo pale chuoni. Baba ndiye aliyenisomesha. Alileta moyo wa nguruwe kutoka kibandani kwake anakouzia supu, akaupasua kwa kisu chake cha supu, tukavihesabu vyumba vinne juu ya meza ya kulia. Nikamwonyesha ile mishipa myembamba inayoukumbatia moyo kwa nje na kuulisha damu.

"Kumbe nao unalishwa?" akashangaa. "Miaka thelathini naukatakata kwenye supu ya batchoy, sijawahi kuuliza nani anaupa chakula!"

Nilipata alama za juu kuliko darasa zima.

Na wiki hiyohiyo Baba alilalamika bega la kushoto. Akasema na taya linamvuta, labda ni jino. Akiinua sufuria anatoka jasho, akikaa maumivu yanakwisha. Nami, dada yangu, bingwa wa moyo, nikamwambia ni misuli imechoka. Nikamkanda kwa mafuta ya nazi siku tatu mfululizo. Alikuwa akifumba macho na kusema nina mikono ya daktari, nami nikajisikia daktari kweli.

Siku ya nne alianguka kibandani, bakuli la mteja likiwa mkononi.

Mishipa mitatu ilikuwa imeziba. Walimfungua mfupa wa kidari, wakachukua mshipa mguuni mwake na kuushonea moyoni, ili damu ipate njia mpya ya kupita pale palipoziba. Kisha mfupa ukafungwa kwa waya. Mama aliposikia habari ya waya alikaa chini sakafuni.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tabu ilianza baadaye, kwani Baba alikataa kuinuka. Bibi Teofista, mwalimu wangu wa tiba ya viungo, ndiye anayewasimamisha wagonjwa wa wodi ile. Alinikataza kabisa kumgusa. "Hapa wewe si mwanafunzi. Wewe ni binti wa mgonjwa. Kaa kwenye kiti." Kila alipokuja, Baba aligeukia ukutani. Hakutaka kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu. Siku ya tatu akapata homa, na Bibi Teofista akaniambia waziwazi kwamba makohozi yanamjaa mapafuni, na akiendelea kulala hivyo tutampoteza kwa kitu ambacho si moyo.

Nilidhani Baba amenikasirikia. Mama alipokwenda kununua uji, nilimwambia yote. Kwamba lile bega lilikuwa moyo. Kwamba lilikuwa limeandikwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, nami nikalikanda.

Akageuza uso kutoka ukutani. Kisha akasema, "Bega lilikuwa linauma kidogo tu. Kifua ndicho kilichokuwa kinabana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikokota hospitali siku ya mtihani. Nakujua wewe."

"Baba!"

"Usinipigie kelele, nina waya."

Tulicheka, naye akashika kifua kwa maumivu, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa na hasira na mtu. Aliogopa kwamba akikohoa au akisimama, kidari kitafunguka na moyo umdondokee mapajani. Alikuwa ameipasua mioyo mingi mno, asiweze kuamini kwamba wake umeshonwa ukashika.

Nilimwita Bibi Teofista. Akampa Baba mto aukumbatie kifuani, akamfundisha kukohoa akiwa ameubana, na kuinuka kwa nguvu za miguu bila kujisukuma kwa mikono. Jioni hiyo alipiga hatua sita. Bibi Teofista alimtaka aongee huku anatembea, maana asiyeweza kuongea amepita kiasi. Dada, alimpata mtu wake! Kufika mlangoni Baba alikuwa ameshamwambia kwamba chumvi ya supu ya hospitali hii imewekwa na mtu aliyeachwa na mke.

Baadaye nilimsimulia Bibi Teofista habari ya bega, naye akanikalisha kando. Hakunibembeleza. "Kifua alikuficha. Taya na jasho hakukuficha." Nililia, naye akangoja nimalize, akanipa karatasi ya kufutia pua.

Sasa Baba ana wiki kumi tangu apasuliwe. Vidonge anameza, mafuta kapunguza, sigara kaacha kwa matusi mengi. Kibandani anakaa kwenye kiti na kuamrisha tu. Kila asubuhi yeye na Mama wanauzunguka uwanja wa plaza mara nne. Juzi walichelewa, nikaenda mbio kuwatafuta. Niliwakuta kwenye benchi wamekula keki ya mchele, wanabishana nani aliyechoka kwanza. Mama alikuwa amemshika mkono. Sikumbuki kuwaona hivyo tangu utoto wetu. Baba siku zote alikuwa kibandani.

Nilirudi nyumbani bila kuwaita.

Mama bado hajui habari ya bega. Baba ameniambia nisiseme, ati yamekwisha. Lakini siwezi kumpikia kahawa kila siku nikiwa na hili tumboni. Nitamwambia Jumapili baada ya misa, kabla barua hii haijakufikia. Kwa hiyo ukipiga simu na Mama akapokea kwa sauti ya ukali, usiulize kuna nini. Omba uongee nami.

Shangazi Consorcia anakusalimu, na Mjomba Wenceslao anauliza kama huko kuna samaki mkavu. Mungu akulinde kwenye barabara zenye barafu, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fidela