Siku Niliyotaka Kuketi Mahali Pako

Nyambura, rafiki yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua unacheka, maana mimi na wewe hatukuwahi kusemezana Kiswahili hata siku moja. Lakini barua za kwenda kambini alikofungwa mumeo lazima ziandikwe kwa lugha ambayo mkubwa wa kambi ataielewa, na mkono wangu umeshazoea. Wewe ulikuwa ukikaa juu ya gunia la mahindi, unanitajia maneno, halafu unaongeza, "Mwambie pia mbuzi amezaa." Mbuzi gani, Nyambura? Walishachukuliwa wote. Ulitaka tu mumeo acheke.

Tangu tukuzike nimeendelea kumwandikia kwa jina lako. Ni wewe uliyeniomba: "Usimwambie. Akivunjika moyo kule, wanangu watabaki bila hata mzazi mmoja." Nilikubali kwa sababu ulikuwa unakohoa damu, na siku ile ningekubali chochote. Sasa ni miezi saba. Nimefungiwa ndani ya uongo wako kama Wazungu walivyotufungia ndani ya kijiji hiki, handaki pande zote, lango moja, na langoni askari. Nimekukasirikia sana. Nakwambia wazi.

Wanao wanalala kwangu. Njeri ameng'oka meno mawili na anauliza kama baba yake atamjua. Wangari amekuwa mkimya. Bombani wanamwita mtoto wa mfungwa, naye anajaza debe lake tu na kuondoka. Ulipokufa nilikataa wanyolewe nywele, kama desturi yetu inavyotaka mtoto akifiwa na mzazi. Niliwaambia wazee kwamba sisi ni watu wa kanisa. Haikuwa kanisa, Nyambura. Niliogopa mtu wa nje aone vichwa vyao, aulize, na habari ifike kambini kabla sijajua la kufanya.

Halafu mumeo akaandika anataka picha. Wewe na watoto, watatu pamoja.

Nilikaa na barua ile siku nne. Mwisho nikaamua kuvaa kitambaa chako cha kijani, niinamishe uso, Mhindi wa picha kule Thika apige, basi. Tulikuwa tunafanana kidogo, ulisema mwenyewe. Nikaomba kibali cha kutoka hapa Ruiru, nikangoja, nikatukanwa, nikapewa cha siku moja tu.

Asubuhi yake niliwakuta nyuma ya nyumba. Njeri kichwa cheupe kabisa. Wangari ameshika wembe wangu, amejinyoa nusu, na damu kidogo kwenye sikio. Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Yeye akasema, "Shangazi, mama alikufa na hatukunyolewa."

Kibali kilikuwa cha siku hiyo, na nywele haziwezi kuota kabla ya jioni. Nikachukua wembe, nikammalizia upande uliobaki. Nilikuwa nalia, na yeye ndiye aliyenituliza, mtoto wa miaka kumi.

Thika yule Mhindi aliweka kiti katikati akasema, "Mama, kaa." Nilikuwa na kitambaa chako kichwani. Nikatazama kile kiti, Nyambura, nisikae. Wangari akasema polepole kwa Kikuyu kwamba hapo ni pako. Nikakivua kitambaa, nikakiweka juu ya kiti, watoto wakasimama huku na huku. Ndiyo picha niliyotuma. Kwenye barua niliandika kwamba watoto wanakula vizuri na mvua imenyesha. Mkubwa wa kambi angeona nini? Watoto wawili wasio na nywele, labda chawa. Lakini mwenzetu yeyote angejua.

Basi kungoja kukaanza. Wiki tatu, tano, nane. Kila barua zilipoletwa langoni nilienda mbio. Nilijua nimemuua mumeo kwa ile picha. Niliwatazama wakila uji nikiwaza kwamba wamebaki na mimi peke yangu, mwanamke mwenye mdomo mchafu na chumba kimoja. Nilikuomba msamaha nikichuma kahawa, kwa sauti, mpaka nyapara akauliza nazungumza na nani.

Jana barua ilikuja. Juu ya bahasha hakuna jina lako. Kuna langu.

Ni fupi. Anasema: "Nimewaona wanangu. Nami nimenyoa. Nilijua zamani, kwa sababu barua ziliacha kunidanganya habari za mbuzi. Nilinyamaza ili usiache kuandika. Mwambie Wangari amefanya vizuri. Njeri nimemjua, hata bila meno."

Alijua, Nyambura! Miezi yote hiyo kila mmoja wetu akimlinda mwenzake.

Nimewasomea mara tatu. Njeri ameichukua akalala nayo. Nywele zao zimeshaota tena, za Wangari ngumu kama zako. Sitaandika tena kwa jina lako. Limerudi kwako, pumzika nalo. Watoto nitawashika mpaka lango lifunguliwe, na baba yao akiingia nitamwonyesha mahali ulipo. Na nitamwambia mbuzi amezaa.

Ni mimi,
Wanjiku wako